Jinsi ya kufuatilia jina la ukoo la Kiitaliano mpaka chanzo chake (tuchukue Esposito)

Mpwa wangu ana miaka kumi na mbili, babake Mtaliano, mamake ni dada yangu, na darasani kwao hapa Malindi mwalimu akiita majina asubuhi humwita "Espo-SI-to", ile SI anaivuta kama sisi sote tunavyovuta silabi ya pili kutoka mwisho. Shemeji akisikia anacheka tu. Sasa siku moja kijana akanifuata barazani, "Mjomba, hili jina letu maana yake nini?" Mi kwa kuwa Kiitaliano nimekiokota ufukweni kama vijana wengi wa hapa, nikajiona profesa, nikamwambia ngoja kesho ntakupa jibu. Kesho yenyewe ikawa miezi minne.

Na kabla hata sijaanza vizuri nilishaliwa pesa. Kuna saiti moja inauza nembo za koo, unaandika jina, unalipa yuro thelathini, wanakutumia picha ya simba kashika upanga na chini yake maandishi ya kifahari, ukoo mtukufu wa Esposito sijui tangu vita gani. Kijana akaibandika ukutani juu ya kitanda. Baadaye nikaja kujua ni jina la watoto wa kuokotwa, maelfu kwa maelfu, hawana undugu wala nini, sasa huyo simba ni wa nani? Nembo za zamani zilikuwa za mtu fulani na uzao wake, hazikuwa za kila mwenye jina, halafu Italia yenyewe vyeo vya kikabaila iliacha kuvitambua tangu katiba ya 1948. Kwa hiyo usinunue simba. Yote ntakayoeleza hapa ni bure, gharama ni bando na macho yako.

Kwanza kabisa, liandike jina sawasawa

Unaona kama kitu kidogo eh? Ndo hapo watu wengi wanapotea. Chukua cheti chochote cha zamani, pasipoti, cheti cha ndoa, hata barua, nakili jina herufi kwa herufi, usiandike unavyolisikia. Rossi na Rosso na Russo si jina moja kwenye madaftari. Esposito pia ina ndugu zake: Sposito, D'Esposito, Esposti, Degli Esposti, na kule Uhispania Expósito. Kama jina lina De, Di, Lo au La mbele, litafute likiwa limeungana na likiwa limeachana, maana karani mmoja aliandika hivi na mwenzake akaandika vile.

Ujue pia Mtaliano kwenye karatasi za ofisi na shuleni mara nyingi anatanguliza jina la ukoo, yaani "Esposito Raffaele", ukikuta hivyo usije ukadhani jina la mtu ni Esposito na la ukoo ni Raffaele. Na mkazo wa jina uko kwenye SPO: e-SPO-si-to. Nimemwambia mwalimu mara mbili, wapi.

Jua jina liko fungu gani

Majina ya ukoo ya Kiitaliano ukiyaangalia sana yana mafungu kama matano hivi na ukishajua fungu nusu ya kazi imekwisha.

Kuna ya jina la baba, De Luca, Di Giovanni, D'Angelo, hii ni "bin" yetu tu, hakuna cha ajabu. Kuna ya mahali, Romano, Napolitano, Messina, Genovese, na hapa akili kidogo: mtu haitwi Genovese akiwa Genoa, huko kila mtu ni wa Genoa, aliitwa hivyo alipohamia mji mwingine wakamwona mgeni. Sawa na hapa kwetu mtu anaitwa Mpemba akiwa Mombasa, Pemba kwenyewe nani atamwita hivyo? Kwa hiyo jina la mahali linakuambia mtu alitoka wapi, na mara nyingi linakuambia pia kwamba alishaondoka.

Kuna ya umbile, Rossi na Russo ni wekundu wa nywele au ndevu, Bianchi weupe, Ricci wenye nywele za kujikunja, Bevilacqua yaani mnywa maji (huyo sijui alitaniwa kwa sababu hanywi mvinyo au kwa sababu anakunywa sana). Na kuna ya kazi, hili fungu tamu, chukua mhunzi peke yake: kaskazini ni Ferrari, Piemonte ni Ferrero, kusini ni Ferraro, Toscana na Emilia utakuta Fabbri. Wote wahunzi. Enzo Ferrari wa Modena na kina Ferrero wa Alba wenye Nutella, majina yao yote yanaishia kwenye nyundo na mkaa wa mhunzi fulani wa kijiji fulani, ila si mhunzi mmoja, kila kijiji kilikuwa na wake. Shika hilo, litakuja kukusaidia mbele.

Mwisho wa jina nao unasema. Jina likiishia na -i kwa wingi, fikiria kaskazini na katikati ya nchi. Likiishia na -n, Trevisan, Zanin, Benetton, hapo ni Veneto. Likiwa na -u au -s mwishoni kama Porcu, Piras, Melis, hao ni Wasardinia moja kwa moja. Lo na La mbele mara nyingi Sicilia.

Fungu la tano ni la watoto wa kuokotwa, ndo Esposito alimo, na hatembei peke yake. Roma walikuwa wakipewa Proietti, maana yake waliotupwa. Firenze kulikuwa na Ospedale degli Innocenti, jengo alilolichora Brunelleschi, walianza kulijenga 1419 na mtoto wa kwanza akaachwa pale Februari 1445, msichana, wakamwita Agata Smeralda, na watoto wa pale wakapata majina kama Innocenti na Nocentini. Milano hospitali kubwa ilikuwa na njiwa kwenye nembo yake basi watoto wakaitwa Colombo. Sasa mtu asije akakimbia kusema Cristoforo Colombo aliokotwa, yule ni wa Genoa, amezaliwa 1451, babake anajulikana alikuwa mfuma nguo. Colombo ni njiwa tu, na watu walishaitwa njiwa kwa sababu nyingine kabla ya hapo. Jina moja vyanzo viwili, na mambo haya yamejaa kweli.

Angalia ramani

Kuna saiti za Kiitaliano zinazoonyesha jina limesambaa vipi kimkoa, Cognomix ndo inayojulikana sana, unaandika jina inakupa ramani ya Italia yenye rangi. Ukiweka Esposito utaona mkoa wa Campania imekolea, hasa Naples na vitongoji vyake, halafu rangi inapauka unavyokwenda juu. Kwa nchi nzima kawaida linahesabiwa la nne kwa wingi nyuma ya Rossi, Russo na Ferrari, ila Naples kwenyewe ndo linaongoza.

Ramani haikwambii babu yako katoka wapi, inakwambia uanzie kutafuta wapi, basi. Jina likiwa adimu ramani ni dhahabu, utakuta nukta tatu tu kwenye mabonde mawili na umemaliza. Likiwa kama letu, ndo kwanza umeingia sokoni.

Elewa jina lilitolewaje (hapa nilikaa sana)

Neno lenyewe ni la Kilatini, expositus, aliyewekwa nje. Naples mtaa wa Forcella kuna kanisa na nyumba ya Annunziata, ya tangu karne ya 14, na ukutani kulikuwa na kitu wanakiita ruota. Ni tundu ukutani, ndani yake pipa la mbao lililosimama, limekatwa upande mmoja, linazunguka. Mama anakuja usiku, anamlaza mtoto kwenye pipa, analizungusha, upande uliokatwa unageukia ndani, kengele inapigwa, mama anaondoka bila mtu kumwona uso. Kwa ndani kuna mwanamke wa zamu, rotara, ambaye kazi yake ni kumpokea. Hiyo ruota ilifungwa 1875 lakini tundu lipo mpaka leo, watu wanaenda kulitazama.

Sasa mtoto amepokelewa hana jina, hana baba, anaandikwa vipi? Esposito. Wa jana Esposito, wa leo Esposito, wa kesho Esposito. Mpaka 1814 wakati Naples inatawaliwa na Joachim Murat, Mfaransa, shemeji wa Napoleon, akapiga marufuku watoto kupewa jina hilo kwa kuwa lilikuwa linamwandama mtu maisha yake yote, ukilitaja tu kila mtu anajua ulipookotwa. Kuanzia hapo kila mtoto akabuniwa jina lake, tofauti tofauti. Kwa hiyo ukimkuta Esposito wa Naples, mara nyingi ruota yake ni ya kabla ya 1814. Na ukikuta jina la ajabu ajabu la baada ya hapo ambalo halina ndugu hata mmoja kwenye ramani, wewe nusa tu, huenda lilibuniwa na karani asubuhi moja.

Na mtu asidhani hawa wote walikuwa watoto wa nje ya ndoa. Walikuwepo, lakini njaa ilipeleka pia watoto wa watu waliooana, na wengine waliwaacha na alama ili siku moja wakarudi kuwachukua, nusu ya medali, nusu ya karata, kipande cha picha ya mtakatifu kilichochanwa kwa makusudi, nusu nyingine kabaki nayo mama. Pale Firenze kwenye makumbusho ya Innocenti hizo nusu zimewekwa kwenye vijidroo, kila moja na mtoto wake, na nusu za pili hazikurudi.

Shemeji nilipomweleza haya alinyamaza, halafu akasema nyumbani kwao kila mtu anajua maana ya jina ila hakuna anayeiongelea. Ndo nikaelewa kwa nini kijana alikuja kuniuliza mimi.

Anza na walio hai

Usianze na karne ya 16. Anza na shangazi. Piga wasapu, uliza majina matatu, tarehe, na mji, hasa mji, kwa sababu Italia karatasi za watu zinakaa kwenye comune, yaani manispaa ya mji alikozaliwa mtu, hakuna sehemu moja ya nchi nzima. Bila jina la comune utahangaika.

Majina ya wanawake hayabadiliki, hilo nalo muhimu. Mwanamke wa Kiitaliano kwenye hati anabaki na jina la babake mpaka kaburini, hata aolewe mara tatu. Bibi yake mpwa wangu kwa hiyo si Esposito kwenye karatasi hata moja na mi nilipoteza wiki namtafuta kwenye daftari lisilo lake.

Ukishapata jina, tarehe na comune, andika imeli fupi kwa ofisi ya stato civile (ya vizazi, ndoa na vifo) ya comune hiyo, kwa Kiitaliano, mistari mitano isizidi, omba estratto, yaani dondoo ya hati, ya kuzaliwa yenye jina la baba na la mama, sema ni kwa ajili ya utafiti wa ukoo. Wengine wanajibu kwa wiki, wengine hawajibu kabisa, unakumbusha kwa adabu. Watu wa comune ndogo ni wakarimu kuliko wa miji mikubwa, hiyo ni kwa nilivyoona mimi.

Kama nia yako ni pasipoti, nikukate kiu mapema. Tangu 2025 sheria ya uraia imebanwa, siku hizi kimsingi wanaangalia mzazi au babu na bibi, kwa hiyo kumpata babu wa babu wa babu ni raha ya moyo tu.

Ingia kwenye madaftari

Saiti inaitwa Antenati, ni ya hifadhi za serikali ya Italia, bure, hakuna kujisajili, picha za kurasa zenyewe. FamilySearch nayo bure ila unafungua akaunti. Unachagua hifadhi ya mkoa, halafu comune (Naples mjini unachagua mtaa: Mercato, Vicaria, San Lorenzo na kadhalika), halafu aina, Nati ni vizazi, Matrimoni ndoa, Morti vifo, halafu mwaka. Kule kusini madaftari ya serikali yanaanza 1809 kwa ajili ya hao hao Wafaransa, sehemu nyingi za kaskazini ni mpaka 1866 na Veneto 1871, kabla ya hapo unategemea parokia, ambazo baada ya Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki mwaka 1563 zililazimika kuweka daftari za ubatizo na ndoa. Kwa maneno mengine mtu wa Naples ana bahati.

Kila daftari lina orodha, mara nyingi mwishoni, ila zile za zamani nyingine zimepangwa kwa jina la mtu, la ukoo linafuata. Ukifungua E ukakuta hamna kitu usikate tamaa, nenda R ya Raffaele.

Sasa kusoma. Mwandiko ni wa kalamu ya unyoya, wino umekwajuka, ila fomu ni ile ile kila ukurasa kwa hiyo ukisoma kurasa kumi ya kumi na moja unaisoma kama unasoma gazeti. Mambo yatakayokutega ni haya:

"Di" na "fu". Ukiona "Antonio di Giuseppe", baba Giuseppe yuko hai siku hiyo. "Antonio fu Giuseppe", baba ni marehemu. Hii herufi mbili inakuokolea kazi ya miaka, maana ukiona 1852 ni "di" na 1858 ni "fu", kifo cha mzee kiko hapo katikati, tafuta miaka sita tu.

"N.N." maana yake mzazi hajulikani. Liliandikwa kwenye hati za watu mpaka 1955 ndo sheria ikaondoa majina ya wazazi kwenye vyeti vya kawaida ili watu wasidhalilike.

Miezi. Hapa niliumia. Niliona "7bre" nikasema mwezi wa saba, Julai, nikapekua Julai za miaka minne mpaka macho yakawa mekundu. 7bre ni SETTEMbre, Septemba! 8bre Oktoba, 9bre Novemba, Xbre Desemba. Naandika kwa herufi kubwa ili usipite nilipopita.

Na saa. Hii ndo niliipenda kuliko zote. Kwenye karatasi za zamani utakuta "ore due di notte", saa mbili za usiku, na jamaa mmoja wa mtandaoni alimshauri mwenzake kwamba ni saa nane usiku wa manane. Sio. Waitaliano wa zamani walihesabu saa kuanzia jua linapozama, kama sisi. Kwa hiyo saa mbili za usiku ni saa mbili ya usiku, watu ndo wanamaliza kula. Msomaji wa Kiswahili hapo hahitaji tafsiri, Mzungu ndo anahitaji.

Halafu jihadhari na mfanano. Desturi yao mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo kaka wanne wakizaa, kuna binamu wanne wanaitwa Gennaro Esposito, mtaa mmoja, umri unapishana miaka miwili. Utawatofautisha kwa jina la mama, kazi na mtaa wanaoishi. Umri ulioandikwa usiuamini sana, mtu ana "miaka ishirini na sita" mwaka huu na mwakani ana thelathini.

Kama ni mwanaume aliyezaliwa baada ya Italia kuungana 1861, tafuta pia liste di leva, orodha za walioitwa jeshini. Zinaandika urefu, rangi ya nywele, kazi, wakati mwingine mpaka meno. Ndo kitu cha karibu na picha utakachopata.

Mafurushi ya ndoa, siri ya kusini

Hili sikuambiwa na mtu mapema na laiti ningeambiwa. Kule kusini kabla ya muungano mtu akitaka kuoa alipeleka serikalini furushi la karatasi, wanaliita processetto au allegati: cheti cha kuzaliwa bwana na bibi arusi, cheti cha kifo cha baba kama amefariki, na baba akiwa marehemu wanataka na cha babu, kwa sababu ridhaa ya kuoa ilitoka kwa mzee wa kiume aliye hai. Unaona hapo? Ndoa moja ya miaka ya 1830 inaweza kukupeleka mpaka watu wa karne ya 18 bila kuhama ukurasa. Kwenye Antenati yatafute chini ya Matrimoni, yameandikwa processetti au allegati, mengine hayajaingizwa mtandaoni bado.

Mi nilipanda hivyo, baba wa shemeji, babu, nikafika ndoa ya 1839, bwana arusi miaka 31, "di genitori ignoti", wazazi wasiojulikana. Kwenye furushi lake badala ya cheti cha ubatizo cha parokia kulikuwa na nakala kutoka Annunziata, mwaka 1808. Ukurasa nusu. Mtoto wa kiume wa siku chache, ameingia saa mbili za usiku, kafungwa kitambaa cheupe kilichochakaa na kipande cha utepe mwekundu, kapewa jina, kapelekwa kwa mama wa kunyonyesha. Esposito.

Nilikuwa peke yangu barazani saa tano usiku, mbu wananila, nikaisoma mara tatu.

Jambo ambalo sikulitegemea ni hili. Nilikuwa nimeshawafuatilia upande wa mama wa shemeji, wakulima wenye jina zuri tu la Kiitaliano, na mtu wao wa 1808 nilichopata ni mstari mmoja, jina la baba, jina la mama, basi. Huyu ambaye jina lake maana yake "hatujui ni wa nani" ndo najua alivaa nini na aliingia saa ngapi. Rotara aliandika kila kitu, kwa kuwa utepe ndo ungekuwa cheti siku mtu akirudi kumwulizia.

Ukifika kwa mtoto wa ruota, njia ya baba imekatika hapo, usilazimishe. Kinachobaki ni kuangalia kama daftari la Annunziata lenyewe lina nyongeza pembeni, mama wa kunyonyesha alikuwa wa kijiji gani, alirudishwa au alibaki huko, kwa hilo unawaandikia wenye hifadhi Naples ukiwa na tarehe kamili mkononi. Kwa hati za karibuni zaidi, mama aliyeomba asitajwe, sheria inafunga jina lake kwa miaka 100.

Watu maarufu wenye jina hilo, weka mwisho

Kila mtu anataka kuanza hapa na ndo maana nimepaweka chini. Kukuta mtu maarufu wa jina lako hakukufanyi ndugu yake, na kwa Esposito hata kidogo, hakuna Esposito wa kwanza ambaye wote wametoka kwake. Ila kijana wa miaka kumi na mbili anataka kujua, kwa hiyo niliandaa orodha.

Giancarlo Esposito, mwigizaji, yule Gus Fring wa tamthilia ya Breaking Bad, mwenye kuku wa kukaanga na sura isiyotikisika. Alizaliwa Copenhagen 1958, babake Mtaliano wa Naples, mamake Mmarekani mweusi mwimbaji wa opera. Mpwa wangu alipoona picha yake alikaa kimya kidogo halafu akasema, "Kumbe yupo mwingine kama mimi." Hiyo kwangu ilizidi simba na upanga wake.

Raffaele Esposito, mpika piza wa Naples, ndo anayesimuliwa kwamba 1889 alimtengenezea Malkia Margherita piza ya nyanya, mozarela na majani ya basili na ikachukua jina la malkia. Wanahistoria wanabishana nayo hadithi hiyo, na piza za namna hiyo zilikuwepo kabla, lakini Naples usiseme hivyo kwa sauti.

Ndugu wawili wa Kanada, Phil na Tony Esposito, hoki ya barafu. Phil msimu wa 1968–69 alikuwa mchezaji wa kwanza wa NHL, ligi kubwa ya hoki kule Amerika Kaskazini, kupita pointi 100, alifika 126, na mdogo wake Tony alikuwa golikipa, msimu uliofuata akamaliza mechi 15 bila kufungwa. Mi hoki siielewi lakini kumi na tano ni nyingi. Kwenye mpira wetu kuna ndugu watatu wa Castellammare di Stabia, Salvatore, Sebastiano na Pio, huyu Pio wa Inter kazaliwa 2005. Na yuko Roberto Esposito mwanafalsafa, huyo kijana alimruka.

Ukitengeneza orodha yako, kila jina liulize alizaliwa wapi na wazazi wake walitoka wapi, kwa sababu wengine jina walibadilishiwa walipohamia ng'ambo, na wengine ni jina la kisanii.

Hifadhi ulichopata

Kila picha unayopakua iandikie papo hapo: hifadhi gani, comune, aina ya daftari, mwaka, namba ya hati, namba ya picha. Usiseme ntakumbuka. Ule ukurasa wa 1808 niliupiga skrini shoti nikalala, asubuhi natafuta nimeutoa wapi, nikarudia furushi zima la ndoa za mwaka ule tena.

Saa hizi ukurasa huo uko ukutani kwa kijana, simba tumemtoa. Shemeji naye kaona mambo yamekuwa matamu, anataka nimfuatilie upande wa bibi yake, kina Coppola. Coppola ni ile kofia bapa ya wazee. Nimemwambia bando ninunuliwe kwanza.